Mahali tulivu pa kumvisha mchumba pete Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huniuliza maswali haya kwa kunong'ona, kwa sababu mhusika mwenyewe yuko chumba cha pili. Nimeanza na yanayoulizwa zaidi, na pale nilipo na upendeleo wangu sikuuficha.

Kuna mahali pa faragha kweli Mombasa, au nimpeleke mji mwingine?

Kisiwani karibu hakuna. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na penye kivuli pana mtu amekaa. Ukiona mahali hapana mtu kabisa saa 11 jioni, jiulize kwanza kwa nini wenyeji wamepaacha. Kwa hivyo simtafutii mtu maficho. Namtafutia mahali ambapo wawili wataonekana lakini hawatasikika. Mkionekana mko salama, binti wa watu hatasemwa kwamba alipelekwa vichochoroni, na mpiga picha ana pa kusimama bila kushukiwa. Kwa wachumba Waislamu hili lina uzito zaidi, maana kukaa wawili peke yao kabla ya ndoa ni jambo lenye hukumu yake, na wengi hawatatulia mahali palipojificha hata pawe pazuri vipi.

Jambo la pili ni saa. Mama Ngina, ile bustani ya ukingoni mwa bahari kisiwani, ya Jumapili jioni na ile ya Jumanne alfajiri hazijuani.

Saa ipi basi ndiyo tulivu?

Alfajiri. Nikisema hivi watu hununa, maana kila mtu anataka jua likizama. Lakini ufuo wetu kuanzia Nyali mpaka Shanzu unatazama mashariki. Jua letu huchomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya minazi na maghorofa. Anayepanga kupiga goti Nyali huku jua likizama majini atangoja sana.

Jua huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu asubuhi, kutegemea mwezi. Fika dakika ishirini kabla. Utawakuta wavuvi wakisukuma ngalawa, wakimbiaji, na wafanyakazi wa hoteli wakikusanya mwani kwa reki. Hakuna kati yao mwenye muda wa kukutazama. Ikifika saa 2 jua limeshakuwa kali, wauza vinyago wamefika, na nafasi imekwisha.

Ukishikilia jioni, jua linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 hivi, na giza letu haliji polepole kama la nchi za mbali na ikweta. Dakika ishirini tu na huoni tena uso wa mtu. Usipange chakula kirefu kabla ya pete ukidhani mwanga utakungoja.

Nimesikia kwamba mwezi mpevu huchomoza baharini. Ni kweli au ni maneno ya matangazo ya hoteli?

Ni kweli, na hilo ndilo jambo zuri zaidi tulilo nalo Mombasa ambalo watu hawalitumii. Jioni ya mwezi mpevu, jua linapozama upande wa bara, mwezi unatoka majini upande wa pili karibu saa ile ile. Unatoka mkubwa, rangi ya chungwa, na mstari wa mwanga unakuja moja kwa moja mpaka miguuni pako. Unapata giza la kutosha watu wasikutambue, na mwanga wa kutosha umwone akilia.

Ila siku uichague vizuri. Kila siku mwezi huchelewa kutoka kwa karibu dakika hamsini. Siku moja kabla ya mpevu unatoka jua likiwa bado lipo, kwa hivyo haung'ari, lakini picha hutoka nzuri kwa kuwa mwanga wa mchana haujaisha. Siku yenyewe ya mpevu ndiyo ya macho. Siku mbili baadaye utakaa gizani zaidi ya saa nzima ukingoja, na ufuo wa giza si mahali pa kungojea. Mimi ningechagua siku moja kabla kwa anayetaka picha, na siku yenyewe kwa asiyejali picha.

Fanya hivyo mbele ya hoteli yenye walinzi na taa, si kwenye kipande cha ufuo kisicho na wenyewe. Huhitaji kuwa mgeni wa hoteli ndiyo ukanyage mchanga. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa mali ya umma. Kuna njia za umma za kuingilia ufuoni. Mlinzi wa hoteli anaweza kukuzuia usipite ndani ya hoteli, lakini hawezi kukufukuza kutoka mchangani.

Kwa nini kila nikitaja ufuo naulizwa habari ya maji?

Kwa sababu mchanga unaouona leo saa 11 huenda kesho haupo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele. Siku za bamvua, yaani mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Siku hizo, kwetu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na kupwa katikati ya asubuhi. Nimeona watu wamepanga mishumaa kwa umbo la moyo saa 9 alasiri chini ya ukuta wa hoteli, na saa 10 na nusu moyo uko njiani kwenda Pemba.

Ukipanga mwezi mpevu, basi, ujue maji yatakuwa yamejaa alasiri na yanaanza kurudi jua likizama. Mchanga utakuwa mwembamba, umelowa, na umesafishika. Si vibaya, bora usiweke kitu chini mapema. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na hizo ndizo rahisi kwa mwenye mapambo. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji la kila mwaka, lakini mvuvi yeyote wa Nyali atakwambia bila kutazama karatasi.

Mama Ngina je?

Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka ule zilifanyika pale pale. Njia ni pana, viti vipo, mibuyu mikubwa ya zamani imeachwa, na meli za Kilindini hupita karibu kiasi cha kuona mabaharia wakiwa kwenye sitaha. Ijumaa hadi Jumapili jioni usijaribu. Ni mihogo ya kukaanga, madafu, achari, watoto wa baiskeli, na shangazi yako atakuwepo. Nasema shangazi yako kwa uzito wote, maana nusu ya Mombasa hupunga upepo pale.

Siku ya kazi, alfajiri, upande wa mibuyu, patulivu kabisa. Ningeongeza ujanja mmoja: uliza meli gani kubwa inaingia asubuhi hiyo. Meli ikipita mlangoni mwa bandari kila mtu huigeukia, na wewe una dakika tano ambazo hakuna anayekutazama.

Na Mji wa Kale?

Mji wa Kale ni mtaa wa watu, wanaishi pale. Barazani pana wazee, dirishani pana mama, na kila mgeni anajulikana kabla hajafika kona ya pili. Ukiupenda, ingia kwa adabu, muwe mmevaa vya heshima, na mkumbatiane baadaye.

Mahali panapostahili ni ngazi za Leven, zinazoteremka kutoka karibu na jumba la Leven mpaka kwenye maji ya bandari ya kale. Zimebeba jina la manowari ya Nahodha William Owen, Mwingereza aliyetangaza himaya ya nchi yake juu ya Mombasa mwaka 1824. Himaya yenyewe haikudumu hata miaka mitatu, kwa hivyo usimweleze mchumba historia hiyo siku hiyo. Ukiwa kwenye ngazi, mji uko juu yako na nyuma yako. Mbele una maji, mashua zilizotia nanga, na Nyali ng'ambo. Sauti zinazofika ni za makasia na jogoo. Jua linakujia usoni asubuhi. Wakati mwingine vijana wa mtaa hukaa pale. Pita siku moja kabla, salimia, ununue kahawa, uwaambie kuna jambo la heri. Watakusafishia na ngazi.

Usielekeze kamera kwenye bandari ya kale yenyewe bila kuomba. Walinzi wa pale hawapendi, na mabishano na askari si mwanzo mzuri wa uchumba.

Ngome ya Yesu inafaa?

Inafaa kuliko watu wanavyodhani, ila si jioni. Hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, maana yake unatolewa kabla jua halijazama. Nenda mlango unapofunguliwa, kabla ya mabasi ya shule. Kuta zile, zilizoanza kujengwa 1593, ni nene kiasi kwamba kelele za tuktuk hubaki nje. Panda juu upande unaotazama bahari, penye mizinga, au utulie karibu na Nyumba ya Waomani. Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hivyo lipa wewe mapema usije ukafungua mkoba mlangoni na kisanduku cha pete kikaanguka.

Ukitaka kuingiza meza, mataa au wapiga muziki, zungumza na ofisi ya makumbusho siku kadhaa kabla. Ni turathi ya dunia tangu 2011 na hawaruhusu kugongelea msumari popote.

Mimi nataka jua lizame majini tu. Hakuna?

Majini hasa hapana, ila kuna mahali linapozama ng'ambo ya maji. Vuka daraja la Nyali uende upande wa English Point. Pale unatazama magharibi, hori la Tudor liko mbele yako, na jua linazama nyuma ya minara ya misikiti ya Mji wa Kale. Mji wote unakuwa mweusi na maji yanakuwa ya shaba. Kuna hoteli na mikahawa ukingoni. Omba meza ya mwisho kabisa, siku ya kazi, na useme wazi sababu, la sivyo utapewa ya jirani na kikundi cha siku ya kuzaliwa.

Kumbuka adhana ya magharibi itaadhiniwa dakika hiyo hiyo, na kutoka misikiti mingi kwa pamoja, ikikujia juu ya maji. Usianze kusema katikati yake. Tulieni mpaka iishe, halafu sema lako. Ukimya unaofuata hapo hauwezi kuununua popote.

Sisi si watu wa bahari. Kuna miti?

Nenda Bamburi. Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu, mpaka René Haller, Mswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ndiyo iliyokubali. Majani yake hayakuoza, akaleta majongoo wayale, udongo ukapatikana kwa njia hiyo, na leo unatembea msituni. Mchumba anayependa kisa kama hicho ataguswa. Epuka saa za kulisha twiga, ambapo wanafunzi hujaa. Njia za ndani za msituni saa 3 asubuhi siku ya kazi huwa zenu.

Bora zaidi kwangu ni Nguuni, hifadhi iliyo ndani kidogo kutoka Bamburi. Ni nyika yenye mikoma na mabwawa, na humo mna twiga, pofu na mbuni. Jua linazama kwa uwazi, bila ghorofa mbele yake. Lazima uweke nafasi kabla, na kwa sababu hiyo watu ni wachache. Ukiniuliza mahali pamoja tu kwa ajili ya jioni, ni hapa. Beba dawa ya mbu.

Jumba la Mtwana ni mbali sana?

Ukishavuka daraja la Mtwapa uko Kilifi, lakini kwa gari si mbali. Ni magofu ya mji wa karne ya 14, chini ya mibuyu, na msikiti wake mmoja uko ukingoni kabisa mwa bahari. Katikati ya wiki unaweza kukuta wageni wawili au usimkute mtu. Pete ivishwe chini kwenye mchanga au kwenye njia ya miti, si ndani ya msikiti wala makaburini. Hata yakiwa magofu, pana waliozikwa.

Tukodi mashua?

Mashua inavutia, na ni kweli hakuna sikio la jirani. Lakini fikiria mambo yenyewe. Ukiinuka ghafla chombo chote kinayumba, na nahodha atakwambia ukae chini kwa sauti ambayo si ya mahaba. Upepo wa kusi unachukua maneno. Pete ikiponyoka imekwenda. Na akisema hapana, hakuna pa kwenda. Mtarudi wote wanne, wewe, yeye, nahodha na baharia wake, mkitazama tanga.

Ukiamua, fanya miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia. Pandeni ndani ya hori au nyuma ya mwamba, si nje. Jaketi za kuokolea maisha ziwepo na zivaliwe. Mwambie nahodha atie nanga kwanza, wewe ubaki umekaa, na pete iwe imefungwa uzi kidoleni mwako mpaka ihamie kwake. Manahodha wazoefu wanaijua shughuli hii; wengine watageuka wenyewe wakajifanya wanafunga kamba.

Mahali gani nisiende?

Chini ya Pembe za Ndovu, Moi Avenue: moshi, matatu, na kila mtu anapita. Bichi ya Pirates siku za sikukuu. Feri ya Likoni. Ndiyo, wapo wanaouliza, na jibu ni kwamba watu mia kadhaa watakushangilia halafu watakusukuma mshuke. Pia kuna mnara wa Krapf karibu na ukingo wa Nyali, ambao watu huelekezwa kwa sababu ni kimya. Kimya kipo, lakini pale ndipo alipozikwa mke wa mmisionari huyo, Rosine, aliyefariki 1844 pamoja na kitoto chake kichanga. Tafuta pengine.

Kumvisha pete kabla ya kupeleka posa si kuwakosea wazee?

Inategemea umeifanya nini ile pete. Kwetu pwani mwanamume haulizi. Wanaouliza ni wazee. Ami na wajomba hubeba barua ya posa, hupokewa, huambiwa warudi kusikiliza jibu, na jibu hata likiwa linajulikana na mtaa mzima halitolewi siku hiyo hiyo. Pete ya ufuoni haichukui nafasi ya hayo. Ni neno lenu wawili, kwamba yeye yuko tayari wazee wako waje. Ukiisema hivyo, na ukaitenda hivyo, wachache watakasirika.

Kinachokasirisha ni mpangilio. Mtu mmoja upande wake ajue mapema: mamake, dada mkubwa au khalati. Na picha zisitoke mtandaoni kabla barua haijafika. Baba kuonyeshwa habari za bintiye kwenye simu ya jirani ni fedheha ambayo mahari haiifuti. Kwa Mijikenda, wazee wanatarajia kuona mnazi, yaani tembo, ukifika nyumbani, na hawatakuwa na haja na video. Kama kwao ni bara, uliza kama kuna ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu, au taratibu nyingine, maana mwingine kwao pete haihesabiki kabisa mpaka mbuzi wahesabiwe.

Kuna familia ambazo hata hivyo hazitaki pete kabla ya posa, basi. Kama ndivyo kwao, anza na posa, na pete ivishwe siku ya kujibiwa.

Mwezi wa Ramadhani inawezekana?

Mchana, hapana, usimtafutie mtu aliyefunga mambo ya mahaba. Baada ya futari, inawezekana kwa staha. Watu hupenda kusahau kwamba adhana ya magharibi inapoadhiniwa mwezi huo, mitaa ya Mji wa Kale na hata Mama Ngina hutulia kwa muda kwa kuwa kila mtu yuko kwenye tende na uji. Lakini na nyinyi mnapaswa kuwa kwenye tende na uji. Ngoja Idi ipite.

Maua na mapambo nitoe wapi?

Achana na mawaridi ya Nairobi yanayofika yamechoka kwa joto. Tafuta asumini. Wanawake huziuza jioni zikiwa bado vifumba, zimetungwa kwa uzi, na vikuba vilivyofungwa pamoja na mrehani. Zifunge kwenye jani la mgomba lililolowa, na alfajiri ukizifungua zimechanua na harufu yake imejaa gari. Mwanamke wa Mombasa akinusa kikuba ameshajua kuna jambo, kwa hivyo kibaki kwenye gari la rafiki.

Nenda pia Biashara Street ununue leso. Soma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Kuna leso za mapenzi na kuna leso za kusutana, na muuzaji mwenye haraka atakupa ya pili.

Vibofu vya hewa na vipande vya plastiki vinavyong'aa, usilete. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, na kasa huzila wakidhani ni samaki jeli.

Pete ikianguka mchangani?

Tandika ile leso chini kabla ya kupiga goti. Ikianguka, usitembee, simama, chora duara, na uchekeche mchanga kwa mikono ukianzia nje. Kisanduku kikubwa cha mahameli acha nyumbani, kinaonekana mfukoni kama yai. Pete iwe ndani ya kitambaa, mfuko wenye zipu.

Mpiga picha nimfiche wapi? Na droni?

Usimfiche. Mama Ngina au Pirates hakuna anayeshangaa kuona mtu na kamera; wapiga picha wa ufuoni wapo kila siku. Avae kama wao, apige watu wengine, awe upande ambao jua halimpigi usoni. Mpe ishara moja tu, kwa mfano ukivua miwani. Akija na mataa na miavuli ya studio, walinzi watamwuliza ruhusa, na siri imekwisha.

Droni sikushauri. Lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, rubani wake awe na idhini, na Mombasa ina uwanja wa ndege, bandari na kituo cha jeshi la majini. Tena inavuma kama nyuki, na wewe ulitaka utulivu.

Nimfikisheje bila kushuku, tena alfajiri?

Sababu ya chakula hufanya kazi: mahamri na mbaazi za moto kabla hazijaisha. Au mgeni anayewasili kwa basi la usiku. Lakini usimtoe akiwa amevaa dera la kulalia na kilemba cha usingizi, kisha umpige picha ya maisha. Hilo hulisamehe kwa shida. Dada yake amwambie jana yake wapake hina, au kuna shughuli ya rafiki na wapendeze. Mwanamke aliyependeza na ambaye hajui kwa nini atashuku kidogo. Acha ashuku.

Bichi boi watatuacha?

Ukiwakwepa watawafuata. Ukienda mapema, ukamsalimia mmoja wao kwa jina na kumweleza, huyo huyo atawazuia wengine, atamzuia na mwenye ngamia, na atataka kuwa wa kwanza kukupa hongera. Mlipe kitu baada ya shughuli, si kabla.

Mimi ni mwanamke. Naweza kumvisha yeye?

Nani atakuzuia? Bibi Khadija mwenyewe ndiye aliyepeleka ujumbe kwa Mtume, kupitia rafiki yake Nafisa. Ila yeye alimtuma mtu aulize kwanza, na huo ni ushauri mzuri kwa jinsia zote.

Mwezi gani una mvua?

Masika huanza Aprili na Mei ndiyo nzito. Miezi ya kusi huleta mwani mwingi ufuoni, na unanuka. Desemba ni kavu kiasi lakini shule zimefungwa na nusu ya Nairobi imeshuka kwa treni. Februari na mwanzo wa Machi kuna joto, bahari shwari, na watu wamerudi makazini. Chagua hapo.

Akisema hapana, au akinyamaza?

Kunyamaza si hapana. Wengi wetu tulilelewa kwamba binti haropoki jibu, na mwingine atataka kusikia nyumbani kunasemwaje kwanza. Usimrudie swali mara tatu, na umwondoe mpiga picha.

Ndiyo maana nasisitiza mahali penye njia zaidi ya moja ya kutokea na barabara karibu. Kama ni hapana, mwitie tuktuk, mlipe dereva wewe, na umwache aende peke yake kama anataka. Asumini mpe muuza kahawa.